Jacaranda Tunaposti, Gata Je?

Kila mwaka kati ya Septemba na Novemba, Nairobi inageuka zambarau. Jacaranda zinachanua, kila mtu anatoka na simu, na kwa wiki kadhaa hakuna posti ingine mtandaoni. Mimi pia huwa napiga hizo picha, sikatai.

Lakini umewahi kujiuliza yale maua yanaenda wapi? Mengine yanaangukia lami, ndiyo hayo tunapiga picha. Mengine yanaangukia paa. Yanateremka polepole hadi kwa gata, yanakaa humo, yanaoza, yanakuwa uji mweusi. Halafu mvua ya vuli inafika na kukuta njia imefungwa. Na maji yakikosa njia ya kushuka nje, yanatafuta njia ya kushuka ndani. Hapo ndani ni kwa silingi yako, juu ya kitanda chako, kando ya tivii yako.

Wacha niseme maoni yangu mapema ndiyo anayetaka kunitusi aanze sai: mvua ya Kenya ina kalenda, na tunaijua tangu darasa la nne. Mvua ndefu Machi hadi Mei, mvua fupi Oktoba hadi Desemba. Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri kabla ya kila msimu. Kwa hivyo nyumba inayovuja Aprili, mara nyingi ni uamuzi ambao mtu alifanya Februari. Na mara nyingi huyo mtu hakai kwa hiyo nyumba.

Watu wa Minnesota wanatushinda wapi

Algorithimu ya YouTube imeamua mimi ni mzee wa miaka 50 anayeishi Minnesota. Nikifungua tu, inaniletea wazungu wakisafisha gata. Mwanzo nilikuwa nacheka. Halafu nikaanza kuangalia tarehe za hizo video. Nyingi zinawekwa Oktoba na Novemba, kabla baridi kali ifike.

Wanafanya nini? Wanazoa majani kwa gata. Wanakagua vigae vya paa. Wanakata matawi yanayoegemea nyumba. Wanaziba nyufa za ukuta na za madirisha. Wanafunga na kukausha mifereji ya nje, juu maji yakiganda ndani ya bomba yanapanuka na kulipasua. Kisha wanaingia ndani kungojea theluji.

Kitu wanachoogopa sana kinafanya kazi hivi. Theluji inakaa juu ya paa. Joto la ndani ya nyumba linapanda na kuiyeyusha kutoka chini. Maji yanateremka hadi ukingo wa paa, ule uliotokeza nje ya ukuta ambako joto la nyumba halifiki. Yakifika pale yanaganda tena. Baada ya siku kadhaa, ukingo mzima una ukuta wa barafu. Maji yanayofuata yanakosa pa kupita, yanarudi nyuma, yanapenya chini ya vigae na kudondokea sebuleni. Yaani nyumba inavuja kwa sababu njia ya kutokea imezibwa.

Ukidhani hayo ni ya huko peke yake, uliza mtu wa Kericho au Nandi Hills. Hizo ni kati ya sehemu zinazojulikana duniani kwa kupigwa na mvua ya mawe mara kwa mara. Mawe yakijaa kwa gata, yanafanya kazi ile ile ya barafu ya Minnesota, na maji yanarudi ndani. Nairobi hatuhitaji hata mawe. Maua ya jacaranda, majani ya parachichi ya jirani, kiota cha ndege na slipa moja ya mtoto zinatosha kabisa.

Sasa tofauti yetu na wao iko wapi? Si pesa peke yake. Wao wakikosa kusafisha, baridi itawaadhibu wenyewe, wale wale wenye nyumba. Huku mjini, anayemiliki paa analala kwingine, na anayelala chini ya paa haruhusiwi kuligusa. Katikati yao kuna keateka, ambaye ana funguo lakini hana bajeti. Hiyo ndiyo sababu gata zetu zina miti. Sitanii. Zunguka mtaani uangalie juu, utaona mmea umeota kwa gata, na mmea hauoti mahali hakuna udongo.

Hesabu ndogo

Milimita 1 ya mvua ikianguka kwa mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Hii si maoni, ni hesabu tu. Chukua ploti ndogo yenye paa la mita 10 kwa 10. Hiyo ni mita 100 za mraba. Ikinyesha milimita 50, kama zile siku za msimu ambazo matatu zinaogelea, hilo paa limepokea lita 5,000. Mitungi 250 ya lita 20.

Mitungi 250 inataka kupita kwa gata moja, ishukie bomba moja lenye mdomo wa upana wa kiganja chako, na huo mdomo una uji wa maua ya mwaka jana. Wewe ungekuwa maji ungefanya nini?

Halafu kuna kichekesho chenye uchungu. Ploti hiyo hiyo, mfereji ukikauka wiki ijayo, wapangaji watakuwa foleni wakinunua maji ya mkokoteni mtungi kwa mtungi. Mitungi 250 ilipita juu ya vichwa vyao usiku mmoja ikielekea kwa ukuta.

“Ngoja mvua ianze”

Kuna wakati nilikuwa nakaa bedsita ghorofa ya juu kabisa, upande wa Thika Road. Juu ya kichwa changu kulikuwa na slabu tambarare, na kwa slabu kulikuwa na tundu moja tu la kutolea maji. Lilikuwa limezibwa na mchanga wa mjengo na kitambaa. Nilimwambia keateka mwezi wa Februari. Akanijibu, “Kijana, ngoja mvua ianze ndiyo tuone inavujia wapi.”

Ilianza. Tukaona. Ukuta ukachora ramani ya kahawia, kisha ukungu mweusi ukaota nyuma ya kitanda. Mtoto wa jirani alikuwa na pumu, na mamake alikuwa anamlaza na dirisha wazi usiku wa baridi ili harufu ya ukungu itoke. Nilipohama, dipoziti yangu ilikatwa pesa ya rangi. Ati nilichafua ukuta.

Sitaji ploti wala lando, juu si yeye peke yake. Hiyo sentensi ya “ngoja mvua ianze” nimeisikia kwa watu wengi sana, mpaka nimeona ni kama sera ya taifa. Tunangoja ivuje ndiyo tujue ilikuwa mbovu. Tunapanda paa likiwa limelowa na linateleza, wakati mafundi wote wana kazi na wamepandisha bei, kutafuta shimo ambalo Februari lingeonekana kwa jua.

Na tafadhali mtu asiniletee ile ya “mafuriko ni kazi ya Mungu.” Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliua zaidi ya watu 200 nchini, yakabeba watu Mathare na Mai Mahiu, na shule zikachelewa kufunguliwa. Gata safi haingezuia mto Mathare, nakubali. Hiyo ni habari ya kingo za mito, mitaro ya jiji na nani aliruhusiwa kujenga wapi. Lakini ugonjwa ni ule ule: kitu kina tarehe, tarehe inajulikana, na bado tunajifanya tumeshtukiziwa. Hatuwezi kudai serikali izibue mitaro kabla ya Machi na sisi wenyewe hatujauliza kuhusu tundu moja juu ya slabu.

Sheria iko upande wako

Hapa ndipo nataka usome polepole, hasa wewe uliyehamia keja yako ya kwanza juzi.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 65, inaweka mambo ambayo mwenye nyumba anahesabika kuwa amekubali anapokupangisha. Mojawapo ni kwamba ukipanga sehemu ya jengo, yeye ndiye wa kutunza paa, kuta za nje na kuta kuu, mitaro mikuu ya maji, na sehemu zinazotumiwa na wote. Nyingine ni kwamba chumba cha kuishi kiwe kinafaa binadamu kuishi, siku ya kuingia na muda wote wa kukaa.

Soma tena hapo kwa paa. Bedsita yako ni sehemu ya jengo. Paa si lako. Gata si yako. Ukuta wa nje si wako. Kwa hivyo ukungu uliosababishwa na paa si deni lako la rangi.

“Lakini sina mkataba wa maandishi.” Sheria hiyo hiyo inatambua upangaji wa muda mfupi hata ukiwa wa mdomo. Na kama unao mkataba, usome kabla ya kusaini, hasa ile sehemu ya ukarabati, juu kuna malando wanaoandika kwamba kila kitu ni juu ya mpangaji, kuanzia balbu hadi mbingu.

Najua mtu anaguna hapo. “Bro, nikimtajia lando kifungu cha 65 atanifukuza, na kuna watu kumi wanangojea hiyo keja.” Ni kweli. Sitakudanganya kwamba sheria inashuka yenyewe kuja kukufagilia gata. Kwenda kortini juu ya silingi ni safari ndefu kwa mtu wa bedsita. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya kuomba msaada na kukumbusha mtu kazi yake. Na kuna tofauti kubwa kati ya mpangaji mmoja na wapangaji wanane wa ghorofa moja wakituma ujumbe mmoja, siku moja, na picha moja.

Upande wa lando, nimeusikia

Malando wana hoja zao, na si zote za uongo. Wanasema wapangaji wanaharibu. Ni kweli kuna watu wanatupa takataka kwa slabu, wanafunga kamba za nguo kwa bomba la maji hadi linang'oka. Kuna mafundi wa dishi na wa intaneti wanaotoboa mabati, wanakaza skrubu na kuondoka bila kuziba tundu. Hiyo ni juu yetu. Ukileta fundi wa dishi, mwambie azibe alikotoboa, na usimame hapo uone akiziba.

Wanasema pia kodi ni kidogo na ukarabati ni ghali. Hapo sasa nakataa. Kusafisha gata ni kazi ya nusu siku. Kubadilisha misumari iliyolegea na raba zilizokauka ni pesa ya misumari na fundi. Linganisha na silingi mpya, rangi mpya, waya za stima zilizolowa, na nyumba inayokaa tupu miezi miwili juu inanuka. Na slabu inayokunywa maji kila msimu inayafikisha hadi kwa nondo. Nondo zikipata kutu zinavimba, na zikivimba zinapasua zege kutoka ndani. Lando anayekwepa kusafisha tundu moja anakula jengo lake mwenyewe kidogo kidogo. Ni biashara mbaya hata kama hukupendi.

Fanya hivi Februari na Septemba

Hizi ndizo wiki za kazi, kabla ya Machi na kabla ya Oktoba. Nyingi ya hizi kazi hazihitaji kupanda popote.

1. Angalia ukiwa chini. Doa la kahawia kwa silingi, rangi iliyofura kwa ukuta, mstari wa kijani chini ya gata, gata iliyolegea katikati. Maji huacha alama kabla ya kuleta balaa.

2. Kama nyumba ni ya mabati na unaweza kuchungulia juu ya silingi, fanya hivyo mchana, taa zikiwa zimezimwa. Ukiona nyota mchana, hizo si nyota. Piga picha kila moja.

3. Uliza kuhusu misumari. Msumari wa bati unapigwa kwa mgongo wa bati, si kwa bonde, juu bonde ndiko maji yanapita. Raba yake ikikauka na kupasuka, kila msumari unakuwa tundu. Kutu nayo huanzia hapo kwa tundu na kwa kingo zilizokatwa. Watu wa Mombasa mnajua zaidi, chumvi ya bahari inakula mabati haraka kuliko huku bara.

4. Gata isafishwe, kisha imwagiwe ndoo ya maji upande wa juu. Maji yatembee yenyewe hadi kwa bomba. Yakisimama katikati, gata haina mteremko, na hata ikiwa safi itamwaga kando.

5. Fuata bomba hadi chini. Kama linamwaga maji pale pale kwa msingi wa nyumba, umehamisha tu shida. Maji yasogezwe mbali na ukuta, kwa mtaro au kwa tanki.

6. Nyufa za ukuta wa nje na kingo za madirisha zizibwe zikiwa kavu. Ukiziba kukiwa na unyevu, umefungia maji ndani.

7. Kupanda ni kazi ya fundi. Mabati yanauzwa kwa geji, na namba ikipanda bati linakuwa jembamba, kwa hivyo geji 32 ni jembamba kuliko 28. Ukikanyaga vibaya unapita. Anayejua hukanyaga kwa mstari wa misumari, juu hapo chini kuna mbao. Ngazi ya chuma isikaribie waya za stima. Na hakuna video ya TikTok inayotosha kuvunjika mgongo.

Kuna pesa hapo juu

Mimi niliacha kampasi mwaka wa pili, kwa hivyo sina uso wa kukuhubiria kuhusu vyeti. Lakini naweza kukwambia nionacho. Kila estate ina vijana kumi wamekaa kwa jiwe na gata mia moja zilizojaa. Ngazi nzuri, glavu, ndoo, kamba, viatu visivyoteleza, na mmoja wenu aliyefundishwa na fundi namna ya kutembea juu ya mabati. Pigeni picha kabla na baada. Pitieni kwa makeateka Septemba mapema, kabla mvua haijaanza, mpeane bei ya ploti nzima badala ya nyumba moja moja. Februari mrudi. Kazi ambayo ina msimu mara mbili kwa mwaka, kila mwaka, si hasara kuijua.

Na usisahau ushago. Wengi wetu tunamtumia shosho pesa Mei, ati silingi imeanguka au ukuta umelowa. Ukienda Februari, toa gata majani, angalia kama bado inaelekea kwa tanki, mwambie shosho akuonyeshe panapodondoka. Yeye anajua kila tone. Itakuwa nafuu kuliko hiyo pesa ya Mei, na maji ya tanki yatamfikisha kiangazi.

Ujumbe wa kutuma

Kama uko kwa keja ya kupanga, siku ya kuingia piga picha za silingi, kuta na paa kama linaonekana, uzitume kwa WhatsApp ya keateka au lando hapo hapo ili tarehe ibaki. Halafu tarehe 1 Februari na tarehe 1 Septemba, tumeni ujumbe mkiwa wengi. Unaweza kuwa hivi tu:

“Habari yako Mzee. Sisi wapangaji wa ghorofa ya juu tunaomba gata na matundu ya slabu yasafishwe kabla mvua haijaanza. Tumekuwekea picha za mahali pameanza kuharibika. Tuko tayari kufungulia fundi siku yoyote ya wiki hii. Asante.”

Hauna matusi, hauna kifungu cha 65, hauna vita. Una heshima, una picha, una tarehe. Akipuuza, utakuwa na ushahidi kwamba uliongea mapema, na siku ya kukatwa dipoziti hutabaki kubishana na hewa. Hapo ndipo utamtajia kifungu.

Weka alamu ya hizo tarehe mbili sai, kabla hujafunga hii posti. Mvua tayari imeweka yake.